Fundi wa taili kutoka Nyalenda, Kisumu, nimetembea Passeig de Gràcia, Barcelona. Kaeni niwaeleze

Fundi_Nyalenda

Wadau, habari za jioni. Wanaonifahamu humu wanajua kazi yangu ni kuweka taili. Mwaka huu nimetimiza miaka 19 nikipiga magoti kwenye sakafu za watu, kuanzia Milimani hadi Riat, na Kakamega na Siaya pia nimefika na mwiko wangu. Mwezi wa nne dada yangu, ambaye anatunza wazee huko Uhispania, alinitumia barua ya mwaliko na tiketi, nikakaa kwake wiki mbili. Anaishi L'Hospitalet, mji ulioshikana na Barcelona kiasi kwamba usipoambiwa hujui umevuka mpaka.

Vijana wa mjengo waliniagiza picha za uwanja wa mpira. Ninazo chache. Picha nyingine zote, na ni nyingi mno, ni za barabara moja inayoitwa Passeig de Gràcia. Nilirudi hapo siku sita kati ya kumi na nne. Nitaandika kwa vipande kwa sababu niko saiti mchana na mikono haishiki simu.

Siku ya kwanza tulipanda treni ya chini ya ardhi, laini ya 1, tukashuka Plaça de Catalunya, uwanja mkubwa katikati ya mji. Barabara yenyewe inaanzia hapo inapanda kuelekea mtaa wa Gràcia, na ndio asili ya jina. Ina urefu wa zaidi ya kilomita moja, pana, miti pande zote mbili. Dada alinyoosha kidole: Chanel ile, Louis Vuitton ile, Cartier ile pale. Mimi nilikuwa nimeshachutama.

Njia ya waenda kwa miguu imewekwa vigae vya pembe sita. Rangi ni kijivu kinachoelekea kijani, na kila kigae kina mchoro ulioinuka kidogo, unausikia kwa kidole. Ukitazama kimoja peke yake huelewi kitu, mistari inajikunja halafu inakatikia ukingoni. Lazima utazame saba kwa pamoja, kimoja katikati na sita vikikizunguka. Hapo ndipo vinatokea viumbe vya baharini: pweza, konokono wa bahari, mwani. Mkono wangu ulisimama pale kwenye pweza kwa muda. Ni simiti iliyoshindiliwa kwenye kalibu, haikuingia tanuru. Mchoro ni wa msanifu majengo Antoni Gaudí, aliuchora 1904 kwa ajili ya nyumba moja ya barabara hiyohiyo, ukaja kutumika kwenye nyumba nyingine mbele kidogo. Mwaka 1976 baraza la jiji likaanza kuuweka nje, barabarani. Kwa hiyo kigae kilichobuniwa kwa ajili ya sebule ya tajiri leo kinakanyagwa na kila mpita njia, na dada yangu akiwa mmoja wao anapoenda kazini.

Fundi yeyote aliyewahi kuweka pembe sita anajua shida yake. Ukikosea milimita 2 kwenye safu ya kwanza, ukifika safu ya ishirini mwanya umekuwa wa kidole kizima, na hakuna grauti (simiti ya kujaza mianya) itakayoficha. Nilitembea hatua nyingi nikitafuta kosa. Niliona viraka vya waliofukua mabomba, basi. Safu zenyewe zimenyooka.

Naendelea kesho.

Nyar_Dunga

Fundi karibu nyumbani. Sasa hizo nyumba za ajabu tunazoziona kwenye kalenda ziko barabara hiyo? Na maduka je? Usituache kwenye sakafu.

Boda_Kondele

Nasubiri. Ila kwanza jibu: magari yanapita humo ama ni ya kutembea tu?

Fundi_Nyalenda

Magari yanapita, ndugu yangu, na kona zake ndizo utazipenda wewe.

Zamani Barcelona ilikuwa imezungushiwa kuta. Watu walibanana ndani, magonjwa yakawamaliza. Gràcia ilikuwa kijiji cha nje, na kati ya kijiji na mji kulikuwa na njia ya mashambani iliyoitwa Camí de Jesús. Mwaka 1827 njia hiyo ilipanuliwa, ikapandwa miti, watu wenye uwezo wakawa wanatoka nje ya kuta kuja kupunga upepo na kuendesha mikokoteni ya farasi. Kuta zilianza kubomolewa 1854. Kisha akaja mhandisi mmoja, Ildefons Cerdà, ambaye mpango wake wa 1859 ulipanga eneo lote tupu lililokuwa kati ya mji na vijiji. Alichora mitaa iliyonyooka kama uzi wa fundi, upana wa kawaida mita 20, na vitalu vya mraba vya mita 113 hivi kila upande. Passeig de Gràcia yenyewe aliipa upana mkubwa kuliko mitaa ya kawaida.

Sasa kona. Kila kitalu, kila pembe yake imekatwa. Badala ya pembe ya mraba kuna ukuta ulioinama nyuzi 45, kwa hiyo kila njia panda inafunguka kama kiwanja. Anayekuja kutoka kulia unamwona kabla hajakufikia. Cerdà aliyafikiria haya kabla gari halijabuniwa! Alikuwa akifikiria mikokoteni na mashine za mvuke alizoamini zitakuja kupita mitaani.

Boda_Kondele

Hapo umenigusa. Kuna kona moja karibu na Kibuye sipiti bila kupiga honi mara mbili, huoni hata mkono wa anayekuja. Ni mita tatu tu za ukuta zinatuziba. Huyo mzee alifikiria watu.

Fundi_Nyalenda

Nyar_Dunga, sasa nyumba.

Ukipanda kutoka Plaça de Catalunya, upande wa kushoto, kuna kitalu kimoja chenye nyumba tatu za mafundi watatu waliokuwa wakubwa kuliko wote wakati ule. Namba 35 ni Casa Lleó Morera ya Lluís Domènech i Montaner. Namba 41 ni Casa Amatller ya Josep Puig i Cadafalch. Namba 43, ukuta kwa ukuta na hiyo ya 41, ni Casa Batlló ya Gaudí. Zote zilikuwa nyumba za kawaida zilizokuwepo tayari. Wenyewe waliita wasanifu wazivike upya, kuanzia 1898 hadi 1906. Yaani ni rinovesheni! Hilo nililipenda sana, kwa sababu kazi yangu kubwa mjini Kisumu ni hiyo hiyo, kuvika upya kilichokuwepo.

Watu wa kule wanakiita kitalu cha mafarakano. Kwa Kihispania neno *manzana* lina maana mbili, kitalu cha nyumba na tunda la tofaa, na ngano ya Wagiriki inasimulia tofaa la dhahabu lililogombanisha miungu watatu wa kike, kila mmoja akitaka kuitwa mzuri kuliko wenzake. Ukisimama ng'ambo ya barabara unaelewa. Ya 41 ina paa la ngazi ngazi kama nyumba za Uholanzi, imenyooka, ina adabu. Ya 43 haina mstari mmoja ulionyooka. Vibaraza vyake vinafanana na vinyago vya kufunika uso, nguzo za chini kama mifupa ya mguu, hadi wenyeji wameipa jina la nyumba ya mifupa. Paa lake lina magamba na mgongo uliovimba, wengi wanaona ni joka lililouawa na Mtakatifu Joji, ambaye ndiye msimamizi wa Catalonia, jimbo la Uhispania ambalo mji wake mkuu ni Barcelona.

Ukuta wa mbele wa hiyo ya 43, wadau, umejaa vipande. Vigae vilivyovunjika na vioo vya rangi, buluu, kijani, zambarau, vimetupwa kama mbegu lakini kila kimoja kimekaa mahali pake. Kwa lugha yao kazi hiyo inaitwa *trencadís*, maana yake vilivyovunjwavunjwa. Gaudí alikuwa anatumia hata mabaki ya viwandani.

Nani humu hajaona veranda ya vipande? Nyalenda, Manyatta, Obunga, ukienda kwa mama aliyejenga polepole utakuta veranda ya taili zilizovunjika, nyeupe na bluu na kahawia. Anaokota mabaki saiti au ananunua gunia la vipande dukani kwa bei ya chini, fundi anampangia. Nilianzia huko. Kazi yangu ya kwanza kabisa ilikuwa veranda ya vipande ya jirani yetu, na nilipewa kwa sababu fundi mkubwa aliona ni kazi ya mwanafunzi. Miaka yote nimekuwa nikiiona ni kazi ya asiye na pesa. Nikasimama pale mbele ya Casa Batlló, watu kutoka dunia nzima wamejipanga foleni kulipa zaidi ya euro 20 kila mmoja, wanatazama veranda ya jirani yetu imepandishwa ukutani hadi juu ya paa. Machozi yalinilenga. Dada akaniuliza kama jua limeniingia machoni.

Mwalimu_Luanda

Fundi, umeandika jambo la maana. Niruhusu niongeze, nafundisha historia. Batlló alikuwa mtu wa viwanda vya nguo. Amatller alikuwa mtengenezaji wa chokoleti. Ukipanda zaidi utafika Casa Milà, na pesa nyingi za nyumba hiyo zilikuwa za mke, Roser Segimon, ambaye mume wake wa kwanza alitajirika kwa kahawa ya Guatemala. Pamba, kakao, kahawa. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachoota Barcelona. Na sehemu ya utajiri wa mji ule ilitoka Cuba, ambako utumwa ulidumu chini ya Uhispania hadi 1886. Tukisifu ukuta tuulize pia tofali limetoka wapi.

Nyar_Dunga

Mwalimu umesema. Na sisi pamba tulilima hapa Nyanza, na KICOMI ilikuwa hapa hapa Kisumu ikifuma nguo. Kahawa iko Bungoma na Kisii. Mbona barabara ya namna hiyo hatuna?

Fundi_Nyalenda

Mwalimu, asante, hayo ya Cuba sikuyajua siku nilipokuwa pale, na ningeyajua ningeangalia tofauti. Kiwanda cha yule mwenye chokoleti kiliacha alama hata leo: kwenye ghorofa ya chini ya Casa Amatller bado wanauza chokoleti ya moto, nzito kama uji wa wimbi. Tulikunywa kikombe kimoja tukigawana.

Nyar_Dunga, swali lako nitalijibu mwishoni, kwa sababu ndilo lililonifanya nifungue uzi huu. Nivumilie nimalize ndani ya Casa Batlló.

Nililipa kiingilio cha nyumba moja tu. Nilichagua hiyo kwa sababu ya kisima cha hewa. Katikati ya nyumba kuna uwazi unaoshuka kutoka paa hadi chini, wa kuleta mwanga na upepo vyumbani, kama ule wa majengo ya ghorofa ya hapa kwetu ambao huwa tunaupiga plasta haraka haraka na kuachia njiwa. Kile cha Gaudí kimevikwa taili za buluu kuta zote. Juu kabisa, karibu na kioo cha paa ambako jua linapiga, taili ni buluu iliyokolea. Kadiri unavyoshuka rangi inapungua, buluu ya kati, buluu ya maji, hadi chini kabisa karibu nyeupe. Na madirisha yanafanya kinyume, juu ni madogo, chini ni makubwa. Juu kuna mwanga mwingi, kwa hiyo taili nzito inaumeza na dirisha dogo linatosha. Chini mwanga ni haba, kwa hiyo taili nyeupe inaurudisha na dirisha kubwa linaudaka. Aliyepanga chumba cha chini anapata mwanga kama wa juu. Ukitazama kutoka chini, rangi yote inaonekana moja.

Nimeweka taili miaka 19 na mteja ananiuliza ipi inang'aa, ipi haitelezi, ipi bei nafuu. Hakuna aliyewahi kuniuliza taili itafanya nini na mwanga. Wala mimi sijawahi kumwambia. Nilikaa kwenye ngazi karibu saa nzima, hadi mhudumu mmoja akaja kuniuliza kwa upole kama niko salama.

Tangu wiki jana nina kazi ya ngazi ya ghorofa nne, Tom Mboya Estate. Nimemshawishi mwenye nyumba anunue rangi mbili za bei ileile, iliyokolea juu, nyeupe chini. Nikimaliza nitaleta picha.

Nakuru_Section58

Nafuatilia kutoka Nakuru. Fundi, maduka hayo ya kifahari mliingia? Mtu mweusi mwenye viatu vya kawaida anapokelewaje?

Fundi_Nyalenda

Tuliingia mawili. Tulisalimiwa mlangoni, tukazunguka, tukatoka. Hakuna aliyetufuata. Bei nyingi hazikuwekwa dirishani, na mkoba mmoja dada aliuliza, ulikuwa unalingana na kazi yangu ya nyumba nzima pamoja na simiti. Aliushika, akaurudisha taratibu mahali pake. Hakusikitika. Alisema ngozi ya Nakuru inaweza kushonwa hivyo ikipata mshonaji mwenye subira, na nadhani ni kweli.

Barabara ile ina maduka ya kila daraja, si ya matajiri peke yao. Zara na Mango ziko palepale, na kuna duka la nguo la wenyeji, Santa Eulalia, lililoanzishwa 1843. Lakini wanaume niliowakumbuka zaidi hawakuwa madukani. Jioni moja, upande wa chini karibu na Plaça de Catalunya, niliwaona vijana wa Kiafrika, wengi Wasenegali, wametandaza shuka chini na mikoba na viatu juu yake. Kila pembe ya shuka imefungwa kamba, na kamba zote ziko mkononi. Polisi wakitokea wanavuta mara moja, shuka inakuwa gunia, wanaondoka. Nilimsalimu mmoja kwa Kifaransa changu kidogo, akacheka akanijibu kwa Kihispania. Dada aliniambia waliunda chama chao 2015 na sasa wana hata nembo yao ya nguo, inaitwa Top Manta, yaani mali ya kwenye shuka. Nikakumbuka wenzetu waliokuwa wakitandaza mitumba kwenye barabara ya Oginga Odinga, Kisumu, kabla haijatengenezwa. Kamba nne mkononi, ni ufundi pia huo.

Na kuna viti. Kando ya barabara kuna taa za chuma zilizosokotwa, na chini ya kila taa kuna kiti kilichovikwa vipande vyeupe vya vigae. Ziko 32. Watalii wengi wanadhani ni za Gaudí kwa sababu ya vipande, lakini aliyezibuni ni Pere Falqués, msanifu wa jiji, mwaka 1906. Kiti hakilipiwi. Bibi kizee mwenye kitoroli cha sokoni anakaa, mwenye mfuko wa Hermès anakaa, nami nikakaa. Niligusa grauti kati ya vipande, imelika kidogo kwa miaka zaidi ya 100 ya mvua na makalio ya watu. Vipande bado vimeshika.

Mama_Shiku_Lanet

Mwanangu, Mungu akubariki, umenipeleka mahali nisipoweza kufika. Hiyo nyumba nyingine, ya mke wa kahawa, hukutueleza.

Fundi_Nyalenda

Shikamoo mama. Hiyo ni Casa Milà, namba 92, kwenye kona. Gaudí aliianza 1906, na ilipokuwa inapanda watu waliikejeli wakaiita La Pedrera, machimbo ya mawe, na jina hilo ndilo limebaki hadi leo, kwa heshima sasa. Inafanana na mwamba uliosuguliwa na mawimbi. Vibaraza ni vya chuma kilichokunjwa kama mwani uliokaushwa. Ndani nguzo ndizo zinabeba uzito, kuta hazibebi, kwa hiyo mpangaji anaweza kuhamisha kuta za vyumba apendavyo. Juu ya paa mabomba ya moshi yamesimama kama askari waliovaa kofia za chuma, na mengine yamevikwa vipande vya chupa zilizovunjika.

Mama, wakati wa ujenzi jiji liliwasumbua. Nguzo moja ilikuwa imeingia kwenye njia ya umma, na jengo lilizidi kimo kilichoruhusiwa. Mwishowe tume ya jiji ikaamua jengo hilo ni la ukumbusho na si lazima lifuate kila kanuni. Mwaka 1984 UNESCO waliliorodhesha miongoni mwa urithi wa dunia, na Casa Batlló ikafuata 2005. Gaudí mwenyewe aligongwa na tramu Juni 1926 akafa siku tatu baadaye. Alikuwa amevaa nguo kuukuu, na mwanzoni hawakumtambua.

Sikupanda paani, pesa za kiingilio zilikuwa zimekwisha. Nilizunguka nje mara tatu.

Boda_Kondele

Na tarehe 23 ulikuwepo? Nimesikia huwa na sherehe.

Fundi_Nyalenda

Nilikuwepo! Ni siku ya Mtakatifu Joji. Barabara nzima wanaifunga magari, inakuwa soko la vitabu na mawaridi mekundu, meza kwa meza hadi juu. Watu wanapeana ua na kitabu. Vibaraza vya Casa Batlló vilikuwa vimejazwa mawaridi mekundu. Nilimnunulia dada ua moja na kitabu cha mapishi, naye akaninunulia kitabu cha picha za vigae ambacho sasa kiko kwenye sanduku langu la vifaa, kimefungwa kwa nailoni.

Kwa atakayekwenda: mkoba uweke mbele ya tumbo, si mgongoni, wezi wa mifukoni ni wengi na wana mikono laini. Tiketi za nyumba nunua mtandaoni mapema. Na nenda asubuhi sana, kabla maduka hayajafunguliwa, wakati wafagiaji wamemwagia maji njia na pweza wote wanaonekana.

Sasa Nyar_Dunga, swali lako.

Ile namba 35, Casa Lleó Morera, ukiitazama utaona juu imejaa maua ya mawe, na chini, usawa wa macho, imekatwa laini. Mwaka 1943, palipofunguliwa duka la bidhaa za ngozi chini yake, sanamu za mbele zilibomolewa ili madirisha ya kuonyeshea bidhaa yawe makubwa. Sanamu zilikuwa za mchongaji Eusebi Arnau. Nilisimama pale nikaangalia mahali palipokuwa na kazi ya mtu, pamebaki ukuta. Na nikakumbuka jambo langu.

Miaka kadhaa iliyopita niliitwa duka moja la zamani pale Oginga Odinga, moja ya yale yaliyojengwa na wafanyabiashara wa Kihindi baada ya reli kufika ziwani 1901. Mengine bado yana mwaka umeandikwa juu ya paji la ukuta. Mpangaji mpya alitaka taili za kung'aa. Tulipoondoa makabati na lino (zulia gumu la kubandika sakafuni) iliyooza tukakuta chini sakafu ya simiti yenye michoro, nyota nyekundu na maua meusi juu ya rangi ya maziwa, kigae kwa kigae, inchi 8 kwa 8. Haikuwa na ufa. Niliimwagia maji ikang'aa kama imewekwa jana. Kijana wangu akasema, "Fundi, hii si tuiache?" Nikamwambia tumelipwa kufunika. Niligonga kwa nyundo ili gundi ishike, michoro yote nikaijaza makovu, nikaweka juu yake taili nyeupe za sentimita 60 ambazo leo zimeshapasuka pembe.

Dada, uliuliza mbona hatuna barabara ya namna hiyo. Mimi nilikuwa na kipande chake mkononi, na nyundo mkono wa pili. Kile kigae cha Kisumu na kile cha Gaudí vilitengenezwa kwa njia moja, simiti kwenye kalibu, na huenda katika miaka iliyokaribiana. Tangu 2022, Kisumu ilipopokea Africities, mkutano wa miji ya Afrika, tuna njia pana nzuri za kutembea Oginga Odinga. Mtu anaweza kusimama sasa na kuinua macho. Lakini juu ya vichwa vyetu vibaraza vya mbao na nguzo za plasta vinafunikwa kwa mabango na mabati ya alumini, na chini tunafunika sisi mafundi. Sidhani wenye majengo ni watu wabaya. Hakuna aliyewaambia, na aliyepaswa kuwaambia ni yule aliyepiga magoti akaona.

Kwa hiyo nawaomba. Aliye na sakafu ya zamani ya michoro, Kisumu, Nakuru, Kakamega, Kisii, Kitale, popote, apige picha na aiweke hapa. Usimwage simiti. Usiruhusu fundi agonge. Kusafisha ni sabuni ya maji, brashi laini na subira, tindikali usiisogeze. Nitakuja kuangalia bila malipo kama ni Kisumu, na nje ya Kisumu nirudishie nauli tu.

Mwalimu_Luanda

Pole, fundi. Nitawaleta wanafunzi wangu wa kidato cha tatu watembee Oginga Odinga na daftari, wanakili miaka iliyoandikwa juu ya majengo. Tutaanza na yaliyo wazi.

Nakuru_Section58

Fundi, nimesoma mara mbili halafu nikaenda dukani kwa mama mkwe, ni nyumba ya zamani nyuma ya Kenyatta Avenue hapa Nakuru. Nimeinua lino kwenye kona ya stoo. Kuna kijani, kuna nyeupe, na kitu kama jani. Nimefuta kwa kitambaa sehemu ya ukubwa wa sahani. Picha hiyo chini. Anataka kuweka taili mpya mwezi ujao, fundi ameshalipwa nusu.

Fundi_Nyalenda

Nimeiona. Hiyo ni hiyo hiyo, simiti ya kalibu. Tazama ukingo wa jani, unaendelea kwenye kigae cha pili, kwa hiyo ni ya vinne kwa pamoja. Usiinue lino yote peke yako, gundi ya zamani inaweza kung'oa rangi. Mwambie mama mkwe asimdai fundi zile pesa, nitaongea naye tumpe kazi ya kusafisha badala ya kufunika, nitamwonyesha. Jumamosi napanda matatu ya saa kumi na moja alfajiri. Niandalie ndoo mbili na matambara ya pamba.